Lidwina Apunguza Gia

Lidwina Mapunda aliingia kwenye ndoa na baiskeli yake. Remmy alipopeleka posa, baba wa binti alimwambia wazi mbele ya wazee kwamba huyu hatembei nyuma ya mtu, ana magurudumu yake, na anayemtaka avichukue vyote. Remmy, seremala asiye na maneno mengi, akasema sawa. Tangu hapo hajawahi kumwambia mkewe abaki nyumbani, isipokuwa mara moja tu, na mara hiyo moja ndiyo tunayoisimulia.

Baiskeli ya usichana ilikwisha zamani, ikauzwa vipande vipande. Aliyokuwa nayo sasa, akiwa mama wa miaka hamsini na ushei na binti yake Kunegunda ameshaolewa Mbinga, ilikuwa nyekundu ya mtumba, na watu wa Mshangano waliijua kwa mbali. Ilikuwa na gia ishirini na moja. Mbele, penye pedeli, kulikuwa na sahani tatu za meno, kubwa, ya kati na ndogo. Nyuma kulikuwa na saba. Za mbele zilibadilishwa kwa mkono wa kushoto, za nyuma kwa mkono wa kulia. Wenye baiskeli nyeusi za kawaida waliitazama kwa wivu.

Kazi yake ilikuwa kupika kwenye shule ya bweni ya wasichana upande wa Matogoro. Yeye ndiye mkuu wa jiko. Uji ulitakiwa uwe tayari kabla wanafunzi hawajamaliza usafi, kwa hiyo aliondoka nyumbani majogoo wakiwa bado wanajibizana, akashuka Msamala, akakata mjini, kisha akaanza kupanda. Mlima ule ulimjua naye aliujua. Mwezi wa Juni, baridi ya Songea inapouma masikio na ukungu umelala barabarani, wenzake walifika jikoni wanatetemeka, lakini Lidwina alifika anatoka jasho, anavua sweta, anauliza kuni ziko wapi.

Kisha akajikata. Alikuwa anafungua dumu la mafuta ya kupikia kwa kisu, kisu kikateleza na kuzama kwenye shina la dole gumba la mkono wa kushoto. Hospitali walimshona vizuri na kidonda kikafunga, ila mshipa wa kidole ulikuwa umekatika. Vidole vinne vilifanya kazi kama kawaida, viliweza kushika mwiko, kukamua nguo, hata kubana breki. Dole gumba peke yake lilikataa. Ukiliambia sukuma, linabaki pale pale.

Na kile kibadili gia cha mkono wa kushoto kilisukumwa kwa dole gumba.

Aliporudi kazini alisema atazoea. Siku ya tatu alishuka Msamala akiwa kwenye sahani kubwa, aliyoiweka kwa mkono wa kulia kabla ya kuondoka, akakata mjini, akafika chini ya mlima, akakumbuka kwamba sasa lazima ahamie ya kati. Akavusha mkono wa kulia juu ya usukani kwenda kusukuma cha kushoto. Tairi la mbele likageuka, baiskeli ikapiga mwereka, naye akajikuta mtaroni pamoja na kapu la nyanya chungu alizokuwa akimpelekea mwalimu wa zamu. Hakuvunjika, lakini goti lilichubuka na watu waliona.

Jioni ile Remmy aliiosha baiskeli, akaiingiza stoo nyuma ya mbao zake, akaja kukaa karibu na mkewe.

"Mama Kunegunda," alisema, "tulia sasa. Hata wenye vidole vyote wanapumzika. Panda bodaboda kama watu wengine."

Kesho yake Lidwina aliiacha baiskeli stoo. Alipanda bodaboda. Alikuwa akifika shuleni bila jasho, ameketi nyuma ya mgongo wa mtu, na kila asubuhi aliona kama amepelekwa kama mzigo wa kabichi. Dorine, msaidizi wake jikoni, alisema bosi wake amekuwa mkali kwa masufuria. Ilikuwa kweli. Aliyagonga.

Hali hiyo ilikwenda hivyo mpaka Ijumaa moja alipoingia stoo kutafuta ungo. Baiskeli ilikuwa pale, vumbi la randa limeifunika. Akachukua kitambaa aifute tu, kwa huruma. Alipofika kwenye zile sahani tatu za mbele, mkono ukasimama. Sahani kubwa ilikuwa na meno makali, rangi yake nyeusi ya kiwandani bado ipo. Ile ndogo ilikuwa imeota kutu, haijaguswa na mnyororo siku nyingi. Ya kati ndiyo iliyong'aa kama kijiko.

Akachuchumaa. Akaitazama tena, moja moja. Miaka yote ile aliyojisifia gia ishirini na moja, miguu yake ilikuwa imekula kwenye sahani moja tu. Kubwa alikuwa akiigusa kidogo mteremkoni, kwa raha. Ndogo aliitumia siku za mzigo mkubwa, au siku za uvivu. Sasa kama kazi yote inafanywa na ya kati, hizi mbili zinakaa mbele kufanya nini? Na kama hazipo, hicho kibadili gia cha kushoto kitabadilisha nini? Hakitakuwa na kazi. Na kama hakina kazi, dole gumba halina kazi.

Alisimama ghafla hata kichwa kikagonga ubao. Ungo aliusahau. Usiku huo Remmy alisikia mkewe anajigeuza kitandani kama mtoto anayengoja sikukuu, akamuuliza kama goti linauma. Akasema hapana, haliumi hata kidogo.

Asubuhi ya Jumamosi aliikokota baiskeli mpaka Mfaranyaki, kwa Alfani. Alfani alikuwa fundi baiskeli kutoka Nalasi kule Tunduru, mtu wa kanzu safi siku ya Ijumaa na mikono ya grisi siku nyingine zote. Aliwahi kusema kwao kila mtu alitegemea korosho zimpe maisha, yeye akategemea pancha za watu.

"Shikamoo mama. Ulipotea kabisa."

"Marahaba baba. Nimerudi. Nataka unitolee hizi sahani mbili, ubakize ya kati peke yake."

Alfani alifikiri hajasikia vizuri. Akajifuta mikono.

"Mama, watu wanakuja hapa wananiomba niwaongezee gia. Wewe una ishirini na moja unataka nikuachie saba? Na mlima wa Matogoro nani ataupanda?"

"Nitaupanda mimi. Nilikuwa naupanda kwa hiyo ya kati, sema sikujua kama ndivyo ninavyofanya. Tazama mwenyewe."

Alfani aliinama, akatazama meno yaliyong'aa na meno yenye kutu. Kisha akatazama mkono wa kushoto wa Lidwina, namna dole gumba lilivyokaa pembeni, akaelewa bila kuambiwa. Alisema tu, "Bismillahi," akaigeuza baiskeli juu chini.

Lidwina angeweza kwenda sokoni akarudi baadaye. Hakwenda. Alivuta kigoda akakaa karibu kabisa, akawa anapokea bolti na kuziweka kwenye kifuniko cha chupa ya chai. Pedeli zikatoka, kisha zile sahani zikatoka zikiwa zimeshikana kwa grisi ya miaka. Alfani alifungua ndogo, akaitupa kwenye debe. Akafungua kubwa, akaiweka kando. Akatoa kile kidude cha chuma kinachousukuma mnyororo kutoka sahani moja kwenda nyingine, akatoa waya wake, na mwisho akatoa kile kibadili gia cha kushoto. Usukani upande ule ukabaki na breki tu. Lidwina alipitisha kiganja pale palipokuwa pamejaa, akacheka kidogo peke yake.

Hapo ndipo mambo yalipogoma. Bolti zile zilitengenezwa kubana sahani mbili kwa pamoja, ya kati na kubwa. Sasa ilibaki moja, na bolti zikawa ndefu. Alfani alikaza mpaka mwisho, lakini sahani ilikuwa inacheza, ukiitikisa inalia.

"Zinatakiwa bolti fupi," alisema. "Hapa mjini sijaziona. Labda niagize Dar."

"Mpaka lini?"

"Wiki, wiki mbili."

Lidwina alimtazama kama mtu aliyeambiwa asubiri ugali wiki mbili wakati maji yameshachemka. Alfani akakuna kichwa, akapekua makopo yake, akatafuta washa, vile vipete vya chuma vya kujazia nafasi. Akapanga, akakaza, safari hii sahani ikatulia. Akaufupisha mnyororo kwa kutoa vipande kadhaa, akaufunga.

"Jaribu hapo barabarani."

Alipanda. Lo, mguu ulipokanyaga tu, ilikuwa kama kuingia nyumbani kwake. Akapiga pedeli mara mbili, mara tatu, dole gumba la kulia likabadilisha gia ya nyuma bila shida, upepo ukampiga usoni, akapita duka la kwanza, la pili. Akavuka mfereji wenye mdomo wa saruji, baiskeli ikaruka, na mnyororo ukachomoka ukaning'inia chini.

Alirudi anaikokota, mikono myeusi. Walijaribu tena, na palepale mferejini ukachomoka tena, safari hii kwa ndani.

Alfani akapiga magoti akachungulia. "Nimeona. Kile kidude tulichokitoa kilikuwa kinasukuma, ndiyo, lakini pia kilikuwa kinauzuia mnyororo usitoke. Kilikuwa ukuta wake. Tumebomoa ukuta." Kisha akasema kwa upole, "Mama, naweza kurudisha kila kitu kama kilivyokuwa."

"Usirudishe," alisema Lidwina.

Alikuwa amekaa kigodani, anaipangusa mikono kwa majani, macho yakiwa ng'ambo ya barabara. Pale palikuwa na mashine ya kusaga. Mlango ulikuwa wazi, na ndani mkanda ulizunguka kutoka kwenye mota mpaka kwenye kinu, ukitetemeka, ukipigwapigwa, lakini hautoki. Hautoki kwa sababu gurudumu lake lina kingo. Huku kuna mdomo na huku kuna mdomo, mkanda unapita katikati.

"Alfani baba," alisema polepole, "ile sahani kubwa tuliyoitoa, ukiinyoa meno, inabaki nini?"

"Linabaki duara tu."

"Na likirudi mahali pake, nje ya hii ya kati?"

Alfani aliinuka. Aliiokota sahani kubwa, akaishika mbele ya ile ya kati, akafunga jicho moja. Uso wake ukabadilika. "Mnyororo ukitaka kutoka nje utaikuta," alisema. "Na bolti, mama. Bolti zitakuwa na vitu viwili vya kubana kama zamani. Hizi ndefu ndizo hasa zinazotakiwa. Washa zote hizi hazina kazi."

Walikwenda wote wawili kwa Valence, fundi wa kuchomelea madirisha, jirani wa pili. Valence aliuliza kama wana akili timamu, kunyoa meno sahani nzima namna ile, lakini aliwasha mashine yake. Cheche ziliruka. Jino moja moja lilikwenda, mpaka likabaki duara laini, na Alfani akalimalizia kwa tupa ili lisikate suruali ya mtu. Kwa upande wa ndani, mahali pa ile sahani ndogo, Lidwina mwenyewe aliokota kifuniko cha ndoo ya rangi, cha plastiki ngumu, wakakikata mviringo na kukifunga kwa zile bolti za sahani ndogo. Sasa mnyororo ulikuwa na ukingo huku na ukingo huku, kama mkanda wa kusagia.

Kufikia hapo watu walikuwa wamekusanyika. Mwenye mashine ya kusaga alitoka, uso umejaa unga. Lidwina alipanda, akaelekea mferejini, na safari hii hakupunguza mwendo. Baiskeli iliruka ikatua. Akageuza, akarudia. Mara ya tatu aliirusha makusudi, makalio yakainuka kwenye kiti, na mnyororo ukaendelea kuimba wimbo wake mwembamba bila kukosa. Alfani alisimama mikono kiunoni, anatabasamu mpaka mwisho wa meno.

"Maashallah," alisema. "Mama, kesho watakuja wengine kuniambia niwanyoe sahani."

Nyumbani Remmy aliizunguka baiskeli mara mbili. Kazi aliiona nzuri, maana fundi humjua fundi. Akapitisha kidole kwenye duara lililonyolewa, akabonyeza plastiki. Kisha akauliza lile moja lililokuwa rohoni mwake.

"Na mlima?"

"Jumatatu," alijibu Lidwina.

Jumatatu aliamka kabla ya majogoo. Alikunywa togwa vikombe viwili, akafunga kitenge juu ya suruali, akavaa sweta. Remmy alijifanya amelala. Nje ukungu ulikuwa mzito kiasi kwamba taa ya baiskeli ilimulika kama maziwa. Msamala aliteremka vizuri, ila pale zamani alipozoea kuhamia sahani kubwa na kukimbia, sasa miguu ilizunguka bure, haina cha kusukuma. Akaiacha ipumzike, akabana breki kwa vidole vyake vinne. Akakata mjini, wafagiaji wakamwamkia. Akafika chini ya mlima.

Alisukuma gia ya nyuma kwa dole la kulia, nyepesi, nyepesi zaidi, mpaka nyepesi ya mwisho. Akaanza. Mwanzoni ilikwenda kama zamani. Katikati mguu ukaanza kuwaka, kwani siku nyingi za bodaboda zilikuwa zimemlegeza, akasimama juu ya pedeli, akaegemea mbele, pumzi ikatoka kama moshi. Nyuma yake alisikia pikipiki. Haikumpita. Ilikuja polepole, inanguruma kwa chini, taa yake ikimulika kivuli cha Lidwina mbele yake, kirefu, kinapiga pedeli naye. Akafikiri ni mtu anamcheka. Hasira zikamwongezea nguvu. Akapita mtaro ule aliowahi kulala ndani yake, wala hakuutazama. Kwenye kona ya juu kabisa, palipo pakali kuliko pote, pedeli zikawa nzito kama zimekanyagwa na mtu wa upande wa pili. Akahesabu miti badala ya kufikiria miguu. Mti, mti, mti. Kisha barabara ikalala, na pedeli zikawa nyepesi ghafla, na akajua yuko juu.

Alishusha mguu mmoja chini, anahema, akageuka ampe mwenye pikipiki maneno yake. Aliyekuwa amekaa nyuma ya bodaboda, amejifunika koti la kazini lenye vumbi la randa, alikuwa Remmy.

Wakatazamana. Dereva wa bodaboda alijishughulisha na kioo chake.

"Nilikuja kukuokota," alisema Remmy.

"Sasa?"

"Sasa naona sina cha kuokota." Alishuka, akamrekebishia kola ya sweta iliyokuwa imejikunja shingoni. Mkono wake ulikuwa na baridi. "Mama Kunegunda, samahani. Nilikuambia utulie. Nilikuwa naogopa."

"Najua," alisema Lidwina. "Hata mimi niliogopa. Nenda kazini, utachelewa."

Alifika jikoni anatoka jasho, akavua sweta, akauliza kuni ziko wapi. Dorine alimtazama mara moja tu, akaacha kupuliza moto. Saa ya mapumziko Dorine aliomba aijaribu baiskeli, akazunguka uwanja wa shule mara mbili, wasichana wakimpigia makofi, akarudi anasema hii ni rahisi, hakuna cha kufikiria, unakanyaga tu. Lidwina akamwambia ndivyo hasa. Alikuwa anasonga ugali wa shule nzima, na siku hiyo hakugonga sufuria hata moja.

Dole gumba halikupona, na daktari alishasema halitapona. Alfani alinyoa sahani nyingine kadhaa baada ya hapo, lakini si za kila mtu aliyekuja. Wabeba mkaa aliwarudisha, akawaambia wao ile ndogo wanaihitaji, wasiige ya Mama Kunegunda kwa kuona tu imependeza. Lidwina alipoambiwa alisema fundi amefanya haki, hata yeye siku ya kubeba mchele wa sherehe anashuka na kuikokota, na hakuna aliyekufa kwa kukokota baiskeli.

Hivi sasa kuna jambo jingine nyumbani Mshangano. Mtoto wa dada yake anaweka nadhiri za utawa kule Hanga, na familia yote imealikwa. Ndugu wamekodi gari. Lidwina amesema atakwenda kwa baiskeli. Remmy amefufua ile yake nyeusi isiyo na gia hata moja, ameitia mafuta, ameifungia nyuma keria mpya ya mbao ya mninga, na kila jioni wanabishana kibarazani, sauti mpaka kwa jirani.

"Ni safari ya siku mbili," anasema Remmy. "Tunalala njiani, tunapumzika."

"Siku moja," anasema Lidwina, huku mguu tayari unatafuta kiatu. "Wewe kaa nyuma yangu tu."